Nyumba Iliyowahi Kupangishwa Australia: Je, Bado Inahesabika Mpya kwa Ruzuku ya Mnunuzi wa Kwanza?

Jumamosi moja mchana shemeji alinipigia simu akiwa ndani ya nyumba inayouzwa huko Logan, kusini mwa Brisbane. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeokota. "Njoo uione mwenyewe. Mlango wa oveni bado una nailoni yake ya dukani. Dalali anasema ni mpya, kwa hiyo zile elfu thelathini za serikali tunazo."

Nilipofika sikuanzia jikoni. Kisanduku cha barua pale mbele kilikuwa kimefurika, bahasha zimechungulia nje, na ya juu kabisa ilikuwa ya kampuni ya umeme, imeandikwa jina ambalo si la mjenzi wala la muuzaji. Nikamwita shemeji nikamwonyesha kwa kidole. Alinyamaza kidogo. "Kumbe kuna mtu alikaa hapa."

Alikaa, tena miezi saba. Dalali alipoulizwa hakukataa. Mjenzi alikosa mnunuzi, akaweka mpangaji ili nyumba isikae bure. "Lakini kisheria bado ni mpya," akaongeza, "hata GST, ile kodi ya mauzo, imo ndani ya bei." Na hapo alisema kweli. Ila ilikuwa kweli ya sheria nyingine.

Hilo ndilo linalowaponza wengi. Australia kuna upya wa aina mbili, na anayekuuzia nyumba atakutajia ule unaomfaa yeye.

Upya wa kodi na upya wa ruzuku

Upya wa kwanza ni wa GST, kodi ya bidhaa na huduma. Sheria yake ya mwaka 1999, kifungu cha 40-75, inasema nyumba ni mpya kama haijawahi kuuzwa kama makazi, kama imezaliwa upya kutokana na ukarabati mkubwa, au kama imejengwa mahali pa nyingine iliyobomolewa. Mpangaji hauondoi upya huo haraka: nyumba inaacha kuwa mpya ikiwa imepangishwa tu, mfululizo, kwa miaka 5 au zaidi. Mjenzi aliyeweka mpangaji miezi saba, au hata miaka mitatu, bado anauza nyumba mpya machoni pa mamlaka ya kodi.

Upya wa pili ni wa ruzuku ya mnunuzi wa nyumba ya kwanza, First Home Owner Grant, iliyoanza 1 Julai 2000 kupoza makali ya hiyo hiyo GST. Hii inaendeshwa na majimbo, na maneno yake yanafanana sana kila mahali: nyumba mpya ni ile ambayo haijawahi kukaliwa wala kuuzwa kama makazi. Revenue NSW, ofisi ya mapato ya jimbo la New South Wales, wanalifafanua bila kuzunguka: kukaliwa na mjenzi kunahesabika, kukaliwa na mpangaji kunahesabika, kukaliwa na mtu mwingine yeyote kunahesabika. Hakuna msamaha wa "ni muda mfupi tu".

Kwa hiyo jibu ni hapana. Nyumba iliyokwisha kupangishwa si mpya kwa ruzuku, hata kama rangi inanukia na nailoni iko mlangoni. Kinachobaki ni kujua jinsi ya kugundua mapema, mahali ambapo jibu hilo linapinda, na cha kufanya ukikuta nyumba unayoitaka imeshatiwa mpangaji.

Hatua ya kwanza: jua jimbo lako linatoa nini

Usikope maelezo ya ndugu aliye Melbourne wakati wewe unanunua Brisbane. Queensland, jimbo la Brisbane, inatoa dola 30,000 kwa mikataba iliyosainiwa kati ya 20 Novemba 2023 na 30 Juni 2026. Kabla ya hapo ilikuwa 15,000. Thamani ya nyumba na kiwanja lazima iwe chini ya dola 750,000, pamoja na nyongeza zote unazokubaliana na mjenzi njiani. Watu wamepoteza ruzuku kwa kuongeza baraza na kiyoyozi.

New South Wales inatoa 10,000, kikomo kikiwa dola 600,000 kwa kununua nyumba iliyokwisha jengwa na 750,000 kwa kiwanja na ujenzi. Victoria ni 10,000 pia, kikomo 750,000. South Australia ni 15,000, na tangu 6 Juni 2024 kikomo cha bei kimeondolewa. Canberra na eneo lake, ACT, walifuta ruzuku tangu 1 Julai 2019, kwa hiyo huko swali lenyewe halipo. Northern Territory ndiyo iliyovunja desturi: mpango wake wa Oktoba 2024 uliweka dola 50,000 kwa nyumba mpya na 10,000 kwa mnunuzi wa kwanza anayechukua nyumba iliyokwisha kukaliwa.

Masharti ya mtu mwenyewe nayapitia haraka. Uwe na miaka 18, angalau mmoja wenu awe raia au mkaazi wa kudumu, wewe na mwenzi wako msiwe mmewahi kupokea ruzuku hii, na msiwe mmewahi kumiliki nyumba Australia mkaishi humo. Kisha uhamie ndani ya miezi 12 na ukae mfululizo miezi 6 au 12, kutegemea jimbo.

Hapa kuna mtego wa watu wetu. Nyumba uliyojenga Kigoma au Eldoret haikuzuii kupata ruzuku, kwa sababu ruzuku inaangalia Australia. Lakini nafuu ya Queensland ya ushuru wa stempu, ule unaolipwa nyumba inapobadilisha mmiliki, ni kitu kingine kabisa: inataka uwe hujawahi kuwa na umiliki wa nyumba ya kuishi popote duniani. Ni fomu mbili kwenye meza moja, na jibu la moja silo jibu la nyingine. Usiijaze ya pili kwa mazoea.

Hatua ya pili: uliza maswali mawili, si moja

Swali la "Je, nyumba ni mpya?" litupe. Halina faida, kwa sababu dalali atajibu kwa upya wa kodi na hatakuwa amekudanganya. Uliza hivi: tangu ilipokamilika, kuna mtu yeyote aliyewahi kulala humu kama makazi yake? Na je, imewahi kuuzwa kwa mtu yeyote kabla yangu?

La pili watu hulisahau. Mwekezaji akinunua nyumba kwa mjenzi, akaifunga mwaka mzima bila kuingiza hata godoro, kisha akakuuzia wewe, hakuna aliyekaa humo. Lakini imeshauzwa mara moja, na sheria inataka yote mawili yasiwepo.

Uliza kwa baruapepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Dalali anayejibu kila kitu ndani ya dakika kumi, lakini swali hili tu anataka "tuongee kwa simu", amekwisha kukujibu.

Hatua ya tatu: soma karatasi kabla ya kusoma kuta

Anza na cheti cha ukamilishaji. Queensland, kwa nyumba ya kawaida ya kujitegemea, ni fomu namba 21, inayotolewa baada ya ukaguzi wa mwisho. Kwa ghorofa ni cheti cha kuruhusu watu kukaa. New South Wales na Victoria nao wana cheti cha ruhusa ya kukaa. Kinachotafutwa hapa ni tarehe. Kama nyumba ilikamilika Februari na inauzwa Machi, moyo utulie. Kama ilikamilika mwaka juzi, kuna pengo, na pengo hilo lina maelezo. Huenda soko lilikuwa baridi. Mara nyingi zaidi kulikuwa na mpangaji.

Halafu hati. Mwambie wakili avute nakala kwenye msajili wa ardhi, inalipiwa kiasi kidogo. Jina la mmiliki likiwa ni kampuni ya ujenzi au ya uendelezaji ardhi, ni ishara njema. Likiwa la mtu binafsi, uliza aliipataje: alinunua kiwanja akajenga, au alinunua nyumba?

Sasa mkataba wenyewe. Mkataba wa kawaida wa Queensland una sehemu ya wapangaji: jina, kiasi cha pango, dhamana iliyowekwa. New South Wales, ukurasa wa mbele kabisa una visanduku viwili, kimoja cha nyumba kukabidhiwa tupu na kingine cha kuuzwa ikiwa na mpangaji. Visome. Lakini kisanduku cha "tupu" kisikulevye; kinasema hali ya siku ya kukabidhiwa, hakisemi lolote kuhusu mwaka uliopita.

Kuna karatasi moja inayowachanganya hata watu waliosoma. Tangu 1 Julai 2018 mnunuzi wa nyumba mpya anatakiwa akate sehemu ya bei, kwa kawaida asilimia 7 au moja ya kumi na moja, na kuipeleka moja kwa moja kwa mamlaka ya kodi. Muuzaji anakupa taarifa ya maandishi kuhusu hilo. Shemeji aliishika ile karatasi kama cheti cha ndoa: "Si hii hapa, imeandikwa makazi mapya!" Imeandikwa, ndiyo. Ni mapya kwa GST. Ukiipeleka ofisi ya ruzuku haikusaidii kitu kama kuna mpangaji nyuma yake.

Mwisho, andika anwani ya nyumba kwenye intaneti. Matangazo ya kupangisha huachwa humo miaka. Picha ya sebule ileile yenye bei ya pango kwa wiki ni ushahidi usiohitaji wakili. Na utakapoitembelea, angalia vitu ambavyo fundi wa mwisho haviachi: matundu ya misumari ya picha, kamba ya kuanikia iliyofifia kwa jua, chokaa kwenye bomba la bafuni, alama za magurudumu kwenye gereji. Na kisanduku cha barua.

Pale jibu linapopinda

Ukarabati mkubwa unaweza kuirudisha nyumba kwenye upya, hata kama imepangishwa miaka ishirini. Lakini neno "mkubwa" lina uzito wake: jengo lote, au karibu lote, liwe limeondolewa au kubadilishwa. Misingi, kuta za nje, sakafu, paa na ngazi si lazima ziguswe. Jiko jipya, bafu mbili mpya na rangi mpya ni urembo tu. Tena mauzo yenyewe lazima yawe yanatozwa GST kama makazi mapya, na baada ya ukarabati asiwe amekaa mtu wala kuuziwa mtu. Kwa hiyo fundi wa mtaani aliyenunua nyumba ya zamani, akaipamba na kuirudisha sokoni, mara nyingi hafiki hapo.

Nyumba iliyobomolewa na kujengwa upya haina shida. Wapangaji wa nyumba ya zamani walikufa nayo, kwa lugha ya sheria. Kinachoangaliwa ni jengo jipya.

Nyumba za maonyesho, zile ambazo kampuni za ujenzi huwapitisha wateja wikiendi, hazina mtu anayelala humo. Lakini nyingi zimeuzwa kwa mwekezaji siku ya kwanza, naye akaipangisha kampuni iitumie kama ofisi. Hapo swali la kwanza unalifaulu na la pili linakukamata. Omba kuona nani yuko kwenye hati.

Na yule mpangaji akiwa ni wewe? Hili naulizwa sana. Familia imepanga nyumba tangu ilipojengwa, mwenye nyumba anawapenda, anawaambia, "Badala ya kuhama, ninunulieni." Wanafikiri kwa kuwa hakuna aliyekaa humo ila wao, bado ni mpya kwao. Hapana. Sheria haiulizi ni nani aliyekaa, inauliza kama imekaliwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeuondoa upya wake.

Kwa sababu hiyo hiyo, mjenzi akikupa ofa ya kuingia mapema na kulipa pango huku benki ikikamilisha mambo yake, usipokee funguo kabla ofisi ya ruzuku haijakujibu kwa maandishi. Wiki tatu za kuepuka kulala kwa ndugu hazina thamani ya dola 30,000.

Hatua ya nne: fanya muuzaji abebe neno lake

Mwambie wakili aweke sharti maalumu kwenye mkataba: muuzaji anathibitisha kwamba tangu nyumba ikamilike haijawahi kukaliwa wala kuuzwa kama makazi, na ikibainika si kweli, mnunuzi anaweza kujitoa na kurudishiwa amana yote. Ni mistari minne. Mjenzi mwenye nyumba mpya kweli hasumbuki kuisaini.

Ukisha saini bila sharti hilo na ukagundua kesho yake, bado kuna mlango mdogo. Queensland na New South Wales zinakupa siku 5 za kazi kubadili mawazo, Victoria siku 3. Kwa hizo mbili za kwanza muuzaji anaweza kukukata asilimia 0.25 ya bei, ambayo kwa nyumba ya dola 680,000 ni dola 1,700. Inauma, lakini si elfu thelathini. Ukinunua kwenye mnada, mlango huo haupo.

Hatua ya tano: omba, na uombe kwa njia inayolingana na haja yako

Njia ni mbili. Ukiipitisha kwa benki yako, na benki nyingi zimeidhinishwa, pesa inaweza kufika siku ya kukamilisha manunuzi na ikahesabiwa kwenye malipo yako. Ukiomba moja kwa moja kwenye ofisi ya mapato ya jimbo, kwa kawaida unaomba baada ya hati kuandikwa jina lako, na una miezi 12 ya kufanya hivyo. Kwa hiyo kama hesabu yako ya amana haitimii bila ruzuku, njia ya pili itakuacha mlangoni na masanduku. Mwambie afisa mikopo mapema, siku ya kwanza.

Andaa pasi au cheti cha uraia, hati ya ukaazi, mkataba, cheti cha ukamilishaji, na karatasi za ndoa au talaka kama zipo. Mwenzi wako anahesabiwa hata kama jina lake halimo kwenye hati. Hilo limewaangusha watu waliodhani watagawana majina ili kukwepa historia ya mmoja wao.

Nyumba umeipenda, na imeshapangishwa

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema, "Kama haina ruzuku achana nayo." Piga hesabu kwanza. New South Wales ruzuku ni dola 10,000 tu, lakini mnunuzi wa kwanza halipi ushuru wa stempu kabisa kwa nyumba isiyozidi dola 800,000, na anapata nafuu hadi milioni moja, iwe mpya au imekaliwa. Kwa nyumba ya dola 600,000 ushuru huo ungekuwa zaidi ya dola 20,000. Unachobaki nacho ni kikubwa kuliko ulichopoteza. Victoria vilevile: hulipi hadi 600,000, na nafuu inaendelea hadi 750,000.

Queensland mizani ni nyingine. Nyumba iliyokwisha kukaliwa haina ushuru kwa mnunuzi wa kwanza hadi dola 700,000, nafuu ikiishia 800,000. Lakini tangu 1 Mei 2025 nyumba mpya haina ushuru hata kidogo, bei yoyote. Kwa nyumba ya dola 680,000 basi, tofauti yote ni ile ruzuku. Hiyo ni silaha ya kujadiliana bei: mweleze dalali kwamba mpangaji wa muuzaji amekugharimu elfu thelathini, umwulize wanagawanaje na wewe hasara hiyo.

Msaada wa serikali kuu nao hauishii kwenye nyumba mpya. Mpango wa amana ya asilimia 5 unaosimamiwa na Housing Australia, shirika la serikali kuu la makazi, unakubali nyumba za zamani, na tangu 1 Oktoba 2025 hauna kikomo cha kipato. Serikali inakudhamini benki ili usilipe bima ya mkopo. Kikomo cha bei kipo, kwa mfano dola milioni 1 Brisbane na milioni 1.5 Sydney. Mpango wa Help to Buy, ambao serikali inanunua sehemu ya nyumba pamoja nawe, unachangia hadi asilimia 40 kwa nyumba mpya na 30 kwa iliyokwisha kuwapo, kwa wenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mtu mmoja au 160,000 kwa wawili. Huko upya ni tofauti ya asilimia kumi, si ndiyo au hapana.

Wakikukatalia, na wakikukubalia

Barua ya kukataa itataja sababu. Katika majimbo makubwa una siku 60 kupinga kwa maandishi. Pinga kama una ushahidi, kwa mfano tangazo la kupangisha lilitoka lakini hakuna aliyeingia, na mjenzi anaweza kuapa hivyo mbele ya shahidi huku bili za umeme zikionyesha matumizi sifuri. Usipinge kwa kueleza tu kwamba hukujua. Kutokujua hakurudishi upya wa nyumba, ila kunaweza kukuokoa na adhabu kama pesa ilikwisha kulipwa na sasa wanaidai.

Maana wanadai. Ofisi hizi hurudi miaka baadaye kuangalia nani alikuwa akiishi wapi, kwa bili, leseni na daftari la wapiga kura. Ukipokea, badilisha anwani ya leseni wiki ileile na weka bili zote kwa jina lako.

Shemeji hakuichukua nyumba ya nailoni. Alipata nyingine mitaa miwili mbele, fomu 21 ikiwa na umri wa siku kumi na tisa, jikoni pakiwa na vumbi la mbao na oveni haijafungwa hata waya. Bili yake ya kwanza ya umeme, dola 43 na senti zake, ameibandika kwenye friji kwa sumaku. Dada anasema inaziba picha ya watoto. Amekataa kuitoa mpaka miezi sita iishe.